Kura inayoamua hakimu wa Isiolo haipigwi Isiolo

MKAZI wa Kiwanjani, mtaa wa mji wa Isiolo ambao jina lake linakumbusha kiwanja cha ndege kilicho jirani, alipofika katika kituo cha kupigia kura Agosti 9, 2022 alikabidhiwa karatasi sita. Alichagua rais, gavana, seneta, mwakilishi wa kike, mbunge na diwani. Katika karatasi hizo zote hapakuwa na jina la mtumishi mmoja wa umma ambaye huenda akagusa maisha yake kwa undani kuliko wote sita. Huyo ni hakimu.

Gavana anaweza kumnyima barabara na mbunge anaweza kumnyima basari ya mtoto. Hakimu anaweza kumnyima uhuru wake. Licha ya hayo, wengi wa wapiga kura hawajui hakimu huyo alitoka wapi, alipandaje ngazi, nani alimleta na nani anaweza kumwondoa.

Wachache zaidi wanafahamu kwamba ipo kura inayohusu jambo hilo. Hupigwa mbali na vituo vya IEBC, bila mikutano ya hadhara wala fulana za vyama, na wapigaji wake ni majaji na mahakimu wenyewe. Ni kura ndogo kwa idadi, ila matokeo yake hufika hadi kizimbani Isiolo.

Mamlaka makubwa, jina dogo

Katika masimulizi ya siasa za Kenya, mahakama ni Mahakama ya Juu. Ni majaji saba, ni kesi ya urais, ni Septemba 1, 2017 pale ushindi wa Rais Uhuru Kenyatta ulipofutwa. Kwa raia wa kawaida, hata hivyo, mahakama ni chumba cha hakimu. Humo ndimo anamoshtakiwa, anamoombea dhamana, anamodai fidia ya ajali na anamogombania matunzo ya watoto.

Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 2015 iliwapa maafisa hawa uwezo mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Hakimu mkazi, aliye katika ngazi ya chini, anaweza kusikiliza madai ya hadi Sh5 milioni. Hakimu mkuu, aliye kileleni, anafikia Sh20 milioni. Walioidhinishwa husikiliza pia mizozo ya ardhi ndani ya viwango hivyo.

Upande wa jinai ndio mzito zaidi. Kesi ya mauaji hupelekwa Mahakama Kuu, lakini wizi wa kimabavu husikilizwa na hakimu, na adhabu iliyoandikwa kwenye sheria kwa kosa hilo ni kifo. Katika kaunti ambako mifugo huibwa kwa mtutu wa bunduki, hilo si suala la vitabuni. Kijana anayenaswa baada ya uvamizi anaweza kujikuta mbele ya hakimu mmoja, asiye na baraza la wazee pembeni, mwenye kalamu inayoweza kumfikisha kwenye adhabu ya juu kabisa.

Kuna pia suala la umbali. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 268,002 katika Kaunti ya Isiolo, waliotawanyika katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 25,000. Kutoka mjini hadi Merti ni zaidi ya kilomita 200. Kwa walio huko, haki hutegemea mahakama za kuhamahama, yaani hakimu kufunga faili zake garini na kuwafuata. Siku gari linapokwama, kesi nayo hukwama.

Kaskazini ina kumbukumbu

Swali la nani anayeketi kitini lina uzito wa pekee Isiolo kwa sababu ya historia. Mji huo ulikuwa makao ya utawala wa kikoloni wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, eneo lililofungwa kwa sheria zake lenyewe. Raia alihitaji kibali ili kuingia au kutoka. Mkuu wa wilaya alikuwa mtawala na vilevile alikuwa na mamlaka ya hakimu. Aliyekukamata na aliyekuhukumu wangeweza kuwa mtu mmoja.

Uhuru haukuleta nafuu ya haraka. Juni 1963, miezi michache kabla ya bendera kupandishwa, Mkuu wa Wilaya ya Isiolo Daudi Dabasso Wabera aliuawa pamoja na Chifu Haji Galma Dido. Desemba mwaka huo hali ya hatari ilitangazwa kaskazini, na vita vya Shifta vikadumu hadi 1967. Sheria ya Kinga ya mwaka 1970 iliwakinga maafisa wa serikali dhidi ya kushtakiwa kwa yaliyotendeka katika kipindi hicho. Sheria za dharura hazikuondolewa hadi 1991.

Kwa hivyo wapo wazee Isiolo waliokua, wakaoa na kulea watoto chini ya utaratibu ambao mkono wa utawala ulikuwa mrefu kuliko mkono wa mahakama. Kwao, hakimu asiyeamriwa na mkuu wa wilaya ni jambo la juzi. Wanapouliza ni nani aliyemtuma, hawaulizi kwa udadisi mtupu.

Mbona asipigiwe kura?

Jibu rahisi lingekuwa kumpeleka hakimu kwa wananchi, wamchague kama wanavyomchagua diwani. Wazo hilo si geni duniani. Majimbo mengi ya Marekani huchagua majaji wa mahakama zake kwa kura. Mexico ilikwenda mbali zaidi Juni 1, 2025 kwa kuwaweka majaji wa nchi nzima mbele ya wapiga kura, na takriban asilimia 13 pekee ya waliosajiliwa wakajitokeza.

Afrika Mashariki nayo ina mfano wake. Oktoba 2001, Rwanda iliwachagua vijijini waamuzi zaidi ya 250,000 wa mahakama za Gacaca ili wasikilize kesi za mauaji ya kimbari ya 1994 ambazo mahakama za kawaida zisingezimaliza kwa miongo mingi. Mahakama hizo zilifungwa rasmi Juni 2012. Zilifanya kazi kubwa, lakini zilizaliwa na msiba usio na kifani, na hata hivyo zililaumiwa kwamba jirani alimhukumu jirani bila wakili wa kumtetea mshtakiwa.

Isiolo ingekuwa mahali pagumu kwa jaribio hilo. Waborana, Wameru, Waturkana, Wasamburu na Wasomali huishi pamoja, na kila uchaguzi huwa hesabu ya nani ameungana na nani. Katika kaunti za kaskazini, mabaraza ya wazee huketi kabla ya uchaguzi na kugawana viti baina ya koo. Utaratibu huo umesaidia kupunguza ghasia, ila hakuna anayedai kwamba humtafuta aliye mwadilifu kuliko wote.

Hebu hakimu naye angeingizwa katika mgao huo. Kaunti za Isiolo na Meru zimevutana kwa miaka mingi kuhusu mpaka, na uwanja wa ndege wenyewe umo katika mvutano huo. Familia zilizohamishwa kupisha upanuzi wa uwanja huo zilidai viwanja mbadala kwa muda mrefu, huku kiwanja kimoja kikidaiwa na zaidi ya mtu mmoja. Hakimu aliyeingia ofisini kwa kura za upande mmoja angeamuaje kesi ya shamba kati ya pande hizo mbili? Wahenga walikwisha kuonya dhidi ya kupeleka kesi ya nyani kwa ngedere.

Aliye wachache katika mtaa ndiye angeumia zaidi. Mwanasiasa akimpuuza, anaweza kusubiri miaka mitano. Hakimu akimpuuza kwa sababu ya kabila lake, atasubiri gerezani. Katiba ya 2010 iliona hatari hiyo, ikaamua hakimu ateuliwe, asichaguliwe na raia.

Kutoka watu watano hadi kumi na mmoja

Kuteuliwa nako kuna hatari zake, na Kenya inazijua. Kabla ya 2010, Tume ya Huduma za Mahakama (JSC) ilikuwa na wanachama watano: Jaji Mkuu, Mwanasheria Mkuu, majaji wawili na mwenyekiti wa Tume ya Huduma za Umma. Wote walikuwa wametokana na kalamu ya Rais kwa njia moja au nyingine. Hakuna hakimu aliyeketi humo, wala mwakilishi wa raia.

Matunda yalionekana 2003, pale kamati iliyoongozwa na Jaji Aaron Ringera ilipotoa ripoti kuhusu ufisadi mahakamani. Majaji watano kati ya tisa wa Mahakama ya Rufaa walitajwa, pamoja na 18 kati ya 36 wa Mahakama Kuu na mahakimu 82 kati ya 254. Hatua hiyo, iliyofahamika kama upasuaji, iliwaondoa wengi kwa muda mfupi. Iliwaacha pia baadhi wakilalamika kwamba walitajwa magazetini kabla ya kusikilizwa.

Baada ya Katiba mpya ulikuja msasa wa pili, wa kisheria, chini ya bodi iliyoongozwa na wakili Sharad Rao. Kila jaji na hakimu aliyekuwa kazini siku Katiba ilipoanza kutumika alipaswa kupimwa kama anafaa kuendelea. Hivyo, katika muda wa miaka 13, hakimu mmoja aliweza kupitia vyujio viwili bila raia hata mmoja kumpigia kura.

JSC ya sasa ina wanachama 11. Mwenyekiti ni Jaji Mkuu. Majaji wa Mahakama ya Juu humchagua mmoja wao, na wa Mahakama ya Rufaa vivyo hivyo. Chama cha majaji na mahakimu huchagua jaji mmoja wa Mahakama Kuu na hakimu mmoja. Mawakili huchagua wawili kupitia chama chao cha LSK. Waliobaki ni Mwanasheria Mkuu, mmoja kutoka Tume ya Huduma za Umma, na wawili wa kuwakilisha raia ambao huteuliwa na Rais na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa.

Ukihesabu, sita kati ya 11 hupatikana kwa kura. Hao ndio wengi katika chombo kinachoajiri mahakimu, kuwapandisha vyeo, kuwasikiliza wanapolalamikiwa na kuwafuta kazi.

Safari ya hakimu

Anayetaka kazi hiyo sharti awe wakili wa Mahakama Kuu. Huanza kama hakimu mkazi, kisha hupanda ngazi nne hadi hakimu mkuu. Wachache huvuka na kuwa majaji, kwani Katiba inaruhusu mwenye uzoefu wa miaka kumi kama hakimu mwenye taaluma ya sheria kuomba nafasi ya Mahakama Kuu au mahakama za hadhi sawa nayo.

Njia hiyo si laini. Evans Makori alikuwa hakimu mkuu Mombasa alipopendekezwa na JSC mwaka 2019 awe jaji wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Alikuwa miongoni mwa watu 41 ambao majina yao yalipelekwa kwa Rais Kenyatta. Rais alikaa na orodha hiyo karibu miaka miwili. Juni 2021 aliwateua 34 na kuwaacha sita, Makori akiwemo. Walisubiri hadi Septemba 2022, pale Rais William Ruto alipowateua sikukuu za kuapishwa kwake zikiwa bado mbichi.

Iwapo aliyekwisha kupendekezwa na tume huru anaweza kusubiri miaka mitatu, hakimu aliye Isiolo, Garissa au Lodwar ana sababu ya kujiuliza nani atamsemea. Jaji ana kinga nzito: hawezi kung'olewa bila jopo maalumu la uchunguzi. Hakimu hana jopo. JSC hupokea malalamiko dhidi yake, huchunguza na huweza kumfuta. Uhamisho nao huja kwa barua, na vituo vya maeneo magumu vinahitaji mtu.

Kazi yenyewe ina hatari zake. Juni 13, 2024, Hakimu Monica Kivuti alipigwa risasi na afisa wa polisi akiwa kazini katika Mahakama ya Makadara, Nairobi, muda mfupi baada ya kutoa uamuzi kuhusu dhamana. Alifariki siku mbili baadaye. Kikao chake kilikuwa kikifanyika chini ya hema. Ikiwa hayo yalitokea katika jiji kuu, ulinzi wa hakimu anayesafiri na faili kuelekea Merti ni swali ambalo halihitaji kufafanuliwa.

Hakimu mmoja mezani

Ni katika mazingira hayo ambapo kura ya kumchagua mwakilishi wa mahakimu hupata maana. JSC ya kwanza chini ya Katiba mpya ilipoundwa mwishoni mwa 2010, mahakimu waliwakilishwa na Emily Ominde. Kwa mara ya kwanza, afisa wa mahakama ya chini aliketi meza moja na Mwanasheria Mkuu na majaji wa Mahakama ya Rufaa akiwa na kura iliyo sawa na zao.

Mwaka 2011 alikuwa miongoni mwa waliowahoji watu waliotaka kuwa Jaji Mkuu, usaili uliopeperushwa moja kwa moja na hatimaye kumleta Willy Mutunga. Mwaka 2016 alikuwa tena mezani David Maraga alipopatikana. Katika mfumo wa zamani, hakimu alimwona Jaji Mkuu kwa mbali. Katika mfumo mpya, hakimu humhoji.

Heshima hiyo ilikuja na gharama. Novemba 2013, kufuatia mzozo uliozuka JSC ilipomfuta Msajili Mkuu wa Mahakama Gladys Shollei, Rais Kenyatta aliwasimamisha makamishna sita, Ominde akiwa mmoja wao, na kuunda jopo la kuwachunguza lililoongozwa na Ringera yule yule wa 2003. Mahakama Kuu ilisimamisha hatua hiyo na makamishna wakaendelea na kazi. Lakini ujumbe ulikuwa umefika: hakimu aliyechaguliwa na wenzake alikuwa ameingia katika ulingo ambamo Ikulu na Bunge hucheza bila glovu.

Jaribio jingine lilikuja 2018. Jaji Mohammed Warsame alikuwa amechaguliwa kwa kipindi cha pili na wenzake wa Mahakama ya Rufaa, akatakiwa kwanza apigwe msasa na Bunge. Mahakama Kuu iliamua kwamba aliyechaguliwa na wenzake hahitaji idhini ya wabunge. Kesi hiyo ilihusu jaji wa ngazi ya juu, ila aliyenufaika zaidi ni hakimu. Kama kura ya wenzake ingehitaji muhuri wa wanasiasa, mwakilishi wa mahakimu angekuwa wa kwanza kutishika.

Baada ya Ominde, nafasi hiyo ilishikwa na Everlyne Olwande. Aprili 2021 naye alikuwa katika jopo lililowahoji wagombea wa wadhifa wa Jaji Mkuu, na Martha Koome akaibuka mshindi.

Kufuli la jinsia

Utaratibu huu una kasoro ambazo hazizungumzwi vya kutosha. Ya kwanza imo katika Katiba yenyewe. Inasema kwamba kati ya jaji wa Mahakama Kuu na hakimu wanaochaguliwa, mmoja awe mwanamke na mwingine mwanamume. Nia ilikuwa njema.

Hata hivyo, vipindi vya watu hao wawili havimaliziki siku moja. Anayebaki ofisini huamua jinsia ya anayekuja. Jaji Isaac Lenaola aliingia na Ominde. Lenaola alifuatwa na Aggrey Muchelule, kisha David Majanja. Majanja alipofariki Julai 2024, alirithiwa na Antony Mrima. Wote ni wanaume. Upande wa mahakimu, Ominde alifuatwa na Olwande, mwanamke baada ya mwanamke.

Kwa maneno mengine, kifungu kilichowekwa ili kufungua mlango kimegeuka kufuli. Hakimu mwanamume, hata awe hodari vipi, alijikuta hana kiti cha kugombea, na jaji mwanamke wa Mahakama Kuu vivyo hivyo. Njia ya kulifungua ni kufanya chaguzi zote mbili kwa siku moja, au kubadilisha zamu waziwazi kila baada ya kipindi.

Kasoro ya pili inahusu hesabu. Jaji wa Mahakama Kuu huchaguliwa na chama kizima, na katika chama hicho mahakimu ni wengi kuliko majaji kwa mbali. Kwa hiyo mahakimu ndio wenye kauli kuhusu viti vyote viwili. Jaji anayetaka kura lazima abishe mlangoni kwa hakimu: aahidi vyeo, nyumba, ulinzi, uhamisho wenye utu. Hayo ni madai halali ya wafanyakazi. Lakini kamishna ni mwajiri pia, na ni mwenye kuadhibu. Atamwadhibu vipi aliyempa kura jana na ambaye atamhitaji tena miaka mitano ijayo?

Hapa ngedere anarejea kwa mlango mwingine. Wananchi walinyimwa kura ili hakimu asiwe mateka wa kabila. Haitakuwa na faida iwapo JSC itakuwa mateka wa wanachama wa chama. Kinga iliyopo ni ukomo wa vipindi viwili vya miaka mitano, na uwepo wa makamishna ambao hawakutoka mahakamani.

Viti viwili vya raia

Ndipo mkazi wa Kiwanjani anapopaswa kuelekeza macho. Kati ya viti 11, viwili ni vyake kwa jina. Wanaovikalia hawapaswi kuwa mawakili. Wapo humo ili kuuliza maswali ambayo wanasheria huona haya kuulizana: kwa nini kesi imeahirishwa mara kumi, kwa nini mshtakiwa hakupewa mkalimani, kwa nini kituo kimekaa bila hakimu.

Swali la mkalimani si dogo Isiolo. Mahakama huendeshwa kwa Kiingereza na Kiswahili, na Katiba inampa mshtakiwa asiyezielewa haki ya mkalimani bila malipo. Mfugaji anayezungumza Kiborana au Kiturkana pekee anaweza kuketi kizimbani siku nzima akisubiri mtu wa kumweleza anashtakiwa kwa kosa gani.

Lakini viti hivyo viwili vya raia havijazwi na raia. Rais huteua na Bunge huidhinisha. Mwaka 2023 kimoja kilimwendea Isaac Ruto, aliyekuwa Gavana wa Bomet. Sheria haikuvunjwa. Bali ni kinaya kwamba hakimu ana mwakilishi aliyepigiwa kura, wakili ana wawili waliopigiwa kura, ilhali raia, ambaye mahakama zote zilijengwa kwa ajili yake, husemewa na wateule wa mamlaka ambayo mara nyingi huwa upande wa pili wa kesi.

Pia, uwazi uliopo kwa majaji haujashuka hadi kwa mahakimu. Anayeomba kuwa jaji huchapishwa jina lake, umma ukaalikwa kutoa maoni, na usaili ukafanyika hadharani. Usaili wa mahakimu haujawahi kuvuta macho ya aina hiyo, ingawa wao ndio ambao raia wengi watakutana nao.

Yanayowezekana

Hakuna lolote kati ya haya linalodai kura ya maoni. JSC inaweza kuzidisha uwazi wa ajira na vyeo vya mahakimu. Inaweza kuwasikiliza wakazi kuhusu rekodi ya afisa kabla ya kumpandisha cheo: je, alifika kortini kwa wakati, alitoa hukumu siku aliyoahidi, alimheshimu mama asiyejua kusoma? Hilo halihitaji kumfanya hakimu mtumwa wa umati. Ni kuuliza waliohudumiwa kama walihudumiwa.

Bunge nalo linapoletewa majina ya wawakilishi wa raia, wabunge wa kaskazini wanaweza kuuliza lini mara ya mwisho mteule alikanyaga mahakama ya kuhamahama. Nao wagombea wa viti vya JSC wanaweza kutakiwa wachapishe ahadi wanazowapa wapiga kura wao, ili umma ujue kama wameahidi ulinzi au wameahidi kufumbia macho.

Agosti 10, 2027 mkazi wa Kiwanjani atapanga foleni tena na kupewa karatasi zile zile sita. Hakimu hatakuwemo, na ni heri asiwemo. Ila kati ya uchaguzi mmoja na mwingine, kura nyingine huwa imepigwa na watu asiowajua, juu ya mtu ambaye huenda siku moja akamwambia asimame kizimbani. Kuijua kura hiyo, na kuuliza imepigwaje, ni sehemu ya uraia kama kutia wino kidoleni.